Sauti Ikikatika, Usikimbilie Kununua Laptopu

Wasee, hapa Modogashe hadi Garissa mjini, mtu akitengeneza muziki kwa laptopu ya mtumba na sauti ianze kukatika, ushauri ni mmoja: nunua mashine mpya. Mimi nakataa. Mara nyingi unachosikia ni uamuzi wa mtu mwingine, tena wa kabla hujazaliwa.

Katikati ya miaka ya 1980, Miller Puckette, Mmarekani, alikuwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki huko Paris. Akaandika Max: programu ya kuunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini, kila kisanduku na kazi yake. (Jina ni la Max Mathews, aliyechezesha kompyuta muziki tangu 1957.) Max ilitoa amri tu. Sauti yenyewe ilitoka kwa mashine nyingine, 4X.

Mwaka 1996 Puckette, sasa yuko San Diego, akatoa Pure Data, ya bure. Humo amri na sauti zinapita uzi mmoja, yaani foleni moja ya kazi. Inahesabu sampuli 64 za sauti, inashughulikia amri, inarudi kuhesabu 64 zingine. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila zamu ni chini ya milisekunde 1.5! Sasa fikiria kisima chenye hori moja. Ngamia mia wakitangulia, mbuzi wako watangoja tu. Sauti ndiyo mbuzi.

Ndiyo maana kisanduku cha soundfiler kikipakia faili refu katikati ya muziki, kila kitu kinasimama hadi kimalize. Kisanduku cha readsf~ kina uzi wake wa kando: kinasoma diski kidogo kidogo na kuweka akiba. Faili lile lile, laptopu ile ile, na sauti haikatiki.

Kwani Puckette hakujua? Alijua sana. Foleni moja hufanya kazi zifuatane kwa mpangilio ule ule kila mara, na msanii akiwa jukwaani anahitaji hivyo. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaotufundisha chaguo-msingi, yaani kile programu inafanya usipoiambia kitu, kana kwamba ni sheria. Faili la MIDI lisilotaja mwendo husomwa kwa mapigo 120 kwa dakika, kanuni ya 1988. Vijana wa singeli kule Dar wanapita 200 na hakuna aliyewapa ruhusa.

Leo usiku fungua Pure Data, bonyeza kulia kwenye readsf~, chagua Help. Usome kabla ya kuuza mbuzi ununue laptopu.