Mtu Aliyekata Biblia Yako kwa Sura

Fungua Isaya 53. Sasa rudi nyuma mistari mitatu tu, uanzie 52:13. Umeona? Habari za yule Mtumishi zinaanzia huko, ila sura imekatwa katikati. Isaya hakuandika kwa sura. Mgawanyo huu tunaotumia huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, Mwingereza aliyefundisha Maandiko Paris miaka ya karibu na 1200. Namba za mistari zilikuja karne kadhaa baadaye.

Usidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Mwaka 1207 Papa Innocent III alimweka wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme John alikuwa na mtu wake, akakataa katakata Langton asikanyage Uingereza. Papa naye akafunga ibada nchi nzima, kuanzia Machi 1208. Miaka sita na zaidi! Watoto walibatizwa, wanaokufa waliungamishwa, lakini ibada za hadhara hakuna, na wafu walizikwa bila sala kanisani. Sisi 2020 tulifungiwa miezi michache tu, na mnakumbuka tulivyolia. Wakubwa wawili waligombana, na aliyekosa ibada ni mama wa kijijini.

Mwaka 1213 John akasalimu amri. Akamkabidhi Papa ufalme wake, akarudishiwa autawale chini yake. Langton akaingia nchini, akamfungulia mfalme kifungo cha kutengwa na kanisa, lakini kwanza akamwapisha kwamba atarudisha sheria njema za zamani. Hapo ndipo namheshimu. Mfalme alipovunja kiapo na mabwana wakashika silaha, Langton alikuwa kati ya wapatanishi, na Juni 1215 pale Runnymede mfalme akakubali Magna Carta, mkataba unaosema mtu huru asifungwe pasipo hukumu ya sheria.

Papa, ambaye sasa John alikuwa mtu wake, akaubatilisha mkataba huo mwezi Agosti, akaagiza mabwana walioasi watengwe na kanisa. Langton hakutaka kuitangaza hukumu hiyo. Akasimamishwa uaskofu kwa niaba ya Papa yule yule aliyemwinua. Hebu kaa hapo kidogo, wewe unayetumika chini ya mkubwa aliyekupa nafasi. Deni la fadhila ni zito. Langton hakuanzisha kanisa lake wala hakumtukana Papa. Alisafiri hadi Roma, akakaa chini ya adhabu. Papa na mfalme wote walikufa 1216. Yeye akarudi Canterbury 1218, na mwaka 1225 akasimama kama shahidi mkataba ulipotolewa upya.

Lakini sitakuficha jambo moja. Mwaka 1222, katika baraza aliloliongoza Oxford, Wayahudi waliamriwa wavae alama kwenye nguo zao ili watambulike. Mwalimu wa Isaya ndiye aliyekuwa kitini siku hiyo.