Dakika nne za ukimya, na kituo cha Zanzibar

Wadau, leo hakuna habari za bumu wala foleni ya kantini. Leo ni historia, tena ya hapa hapa kwetu, na nimeandika kwa sababu tangu darasa la tano mpaka nafika chuo sijawahi kufundishwa.

Fizikia kidogo kwanza, watu wa Arts msikimbie! Chombo kinachorudi kutoka kuizunguka dunia kinaingia kwenye hewa kwa mwendo wa kama kilomita 28,000 kwa saa. Hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, inapata joto kali mpaka atomi zinapoteza elektroni. Hewa hiyo yenye umeme, yaani plazma, inakifunika chombo, na mawimbi ya redio hayapenyi. Redio ni nzima, betri ipo, lakini unaita hujibiwi.

Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara 3 ndani ya Friendship 7, karibu saa 5 hivi. Akiwa juu, mitambo ya chini ikapokea ishara kwamba ngao inayomkinga na joto imelegea. Kama ni kweli, anaungua. Akaingia kwenye ule ukimya, dakika 4 na ushee, na hakuna mtu duniani aliyejua kama yu hai. Kisha sauti ikarudi. Ngao ilikuwa salama, ishara ndiyo ilikuwa ya uongo.

Sasa sisi tunaingiaje? Plazma siyo ukimya pekee. Chombo kikishapita upeo wa macho, kituo cha chini hakikisikii tena. Enzi hizo hakukuwa na setilaiti za kupokezana mawasiliano, kwa hiyo Marekani walipanga vituo 18 kuizunguka dunia, vingine kwenye meli. Baada ya Kano, Nigeria, kilichofuata ni Zanzibar, halafu meli ya Bahari ya Hindi. Daktari alikuwepo pale Unguja akisoma mapigo ya moyo ya Glenn. Fikiria, moyo wa mtu aliye angani unasomwa na mtu aliyekaa jirani na mashamba ya karafuu!

Lakini mkataba wa kituo, wa mwaka 1960, ulikuwa kati ya Uingereza na Marekani. Wazanzibari wenyewe hawakuwa na sauti. Wengi wakaamini ni kambi ya makombora, na chama cha Hizbu kikakipinga hadharani. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakaondolewa kwa meli ya kivita USS Manley. Aprili mwaka huo serikali ya Karume ikataka kituo kivunjwe, na kazi ikahamia Madagascar.

Sisi wa Mwitongo, Aprili 1964 tunaijua kwa Muungano tu, tarehe 26. Wageni wanakuja kwenye kaburi la Mwalimu tunawasimulia hilo, basi. Kumbe mwezi huo huo kulikuwa na antena zinashushwa.

Je, walikosea kukiondoa? Kuna jamaa hapa hosteli anasema tulifukuza sayansi. Mimi sikubali. Kituo hakikuwa na makombora, hilo kweli, lakini mtu ambaye hakuulizwa ana haki gani ya kulaumiwa kwa kushuku? Ukimya wa plazma ulisababishwa na moto. Huu wa pili ulisababishwa na watu wazima waliokaa mezani bila kumwita mwenye nyumba.

Ule wa kwanza umeshapata dawa. Plazma huwa nyembamba kwa nyuma ya chombo, hivyo unarusha mawimbi juu kwenye setilaiti. Mwaka 2024 Starship ilituma hadi picha za video ikiwa katikati ya moto. Huu wa pili dawa yake ni sisi walimu watarajiwa, tukiingia darasani tuwaambie watoto.

Mwenye babu aliyewahi kufanya kazi pale kituoni, tafadhali amhoji mapema. Wazee wanaondoka.