Kahe na Maarifa ya Moto Wenye Presha

Historia ya nishati ya kupikia huku Kilimanjaro husimuliwa kama safari ya kuacha: tuliacha kuni tukashika mkaa, tukashika mafuta ya taa, na sasa tunahimizwa tuache vyote tushike gesi. Masimulizi hayo yana ukweli nusu. Yanahesabu vitu vinavyochomwa, hayahesabu maarifa ya kuvichoma. Ukiitazama Kahe, tambarare iliyo kusini mashariki mwa mji wa Moshi, mita zipatazo 700 juu ya usawa wa bahari, utaona kwamba kila moto mpya ulipoingia ulikuja na mtu aliyejua kuusoma na kuurekebisha, na watu walimjua mtu huyo. Mtungi wa gesi ndio moto wa kwanza kuenea majumbani ukiwa umeachana na mjuzi wake. Presha yake imepangwa kiwandani, anayeuuza hana wajibu wa kuipima, na anayeupikia hajafundishwa hata kuusoma mwali. Hoja yangu ni kwamba safari hii ya gesi haitakamilika kwa kugawa mitungi. Itakamilika maarifa ya presha na mwali yatakaporudi mikononi mwa wananchi.

Kabla ya reli, Kahe ilikuwa na jina kwa udongo wake. Wanawake wa Kahe walikuwa wafinyanzi, na vyungu vyao vilipandishwa mlimani kuuzwa kwa Wachagga. Chungu hakiivi kwa wingi wa kuni peke yake. Moto ukikolea upesi, maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na chungu hupasuka; ukiwa hafifu, chungu hubaki kibichi na hakitadumu kwenye maji. Mfinyanzi hakuwa na kipimo zaidi ya rangi ya moto, mwelekeo wa upepo na muda. Kile alichokirekebisha kwa kupanga kuni na nyasi ndicho fundi wa gesi wa leo anachokirekebisha kwenye jiko: uwiano wa kinachoungua na hewa inayokiunguza.  Na elimu hiyo ilijifunzwa kwa kutazama na kusaidia.

Presha iliyofungiwa ndani ya chuma ilifika Kahe kwa garimoshi. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911 ikipitia Kahe. Machi 1916 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana hapo, na reli ya kijeshi iliyotoka Voi kupitia Taveta ikaja kuungana na ile ya Tanga. Kahe ikawa njia panda ya reli. Ndani ya kila injini ya mvuke palikuwa na dereva na mchochea moto, na mbele yao saa ya kupimia presha, kioo cha kuonyesha kina cha maji kwenye boila, na valvu ya usalama iliyofunguka yenyewe mvuke ulipozidi. Maji yakishuka mno, chuma kilicho juu ya moto hulegea na boila inaweza kulipuka. Kwa hiyo kazi ya kuchunga presha ilikuwa na cheo, mafunzo na mshahara. Katika kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini, kilichoanzishwa miaka ya 1930, boila bado zinachemshwa kwa makapi ya miwa, na hakuna anayeziachia mtu asiyefunzwa.

Kisha presha ikaingia jikoni. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm alitengeneza jiko la mafuta ya taa la Primus, ambalo pamoja na karabai lilienea Afrika Mashariki karne iliyofuata. Vyombo hivi viwili vilimlazimisha mtumiaji awe fundi wa kiasi fulani. Jiko lilipashwa kwanza kwa spiriti ili mafuta yageuke mvuke. Halafu lilipampiwa hewa. Tundu likiziba lilizibuliwa kwa sindano nyembamba. Na presha ikizidi, skrubu ndogo ililegezwa ili hewa itoke. Aliyekosea aliona matokeo papo hapo: mwali wa njano unaoruka, moshi, masizi kwenye sufuria. Majiko hayo yalikuwa na hatari zake, na yaliunguza watu. Lakini yalifundisha uhusiano wa presha, tundu, hewa na rangi ya moto, na kwa miongo mingi walioyatumia waliujua uhusiano huo bila kuingia darasani.

Gesi ya mtungi inafuata kanuni zile zile, ila imezificha. Ndani ya mtungi, mchanganyiko wa propani na butani uko kwenye presha inayozidi mara mia moja ile inayohitajiwa na jiko la mezani, nayo hupanda kadiri joto linavyopanda. Regyuleta ya nyumbani huishusha hadi milibari 28 au 30. Baada ya hapo gesi hupita kwenye tundu dogo, huvuta hewa kupitia nafasi za pembeni, na kuwaka kwenye bena, yaani kichwa cha jiko kinachotoa mwali. Mwali wa bluu ulio na koni kali ndani yake ni dalili ya afya. Mwali wa njano unadai hewa au usafishaji. Mwali unaonguruma na kujitenga na bena unaonya kwamba presha au hewa imezidi, na unaorudi ndani kwa mlio huashiria presha ndogo au kifuniko cha bena kilichokaa upande. Hapa jiografia yetu inaingia. Kutoka Tanga hadi vijiji vya juu vya mlima, kwenye mita 1,800, presha ya hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Jiko lililopangwa kwa ajili ya pwani hupata hewa nyepesi likifika huko, na mwali wake unaweza kugeuka njano ingawa hakuna kilichoharibika. Nalo jiko dogo linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6 halina hata regyuleta. Kinachosimama kati ya mpishi na presha yote ya mtungi ni valvu moja.

Wapo watakaosema kwamba usalama wa gesi unatokana hasa na kuwazuia watu wasiiguse, na kwamba regyuleta hufungwa kiwandani kwa sababu nzuri. Nakubali kabisa kuhusu kugusa. Regyuleta mbovu haifunguliwi wala haitengenezwi nyumbani, inabadilishwa. Lakini kupima si kugusa ndani. Fundi akiwa na mpira mwangavu uliopindwa mfano wa herufi U, wenye maji ndani, akiuunganisha upande mmoja na njia ya gesi baada ya regyuleta, viwango vya maji vya pande mbili vitaachana kwa takribani sentimita 30 kama presha ni sahihi. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kuliko sufuria. Povu la sabuni kwenye maungio linaonyesha uvujaji. Harufu ya gesi yenyewe iliwekwa kwa makusudi, na desturi hiyo ikawa sheria kwingi baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, mwaka 1937, uliotokana na gesi isiyo na harufu. Watoto wa shule hiyo walikufa kwa sababu hatari ilifichika, kwa hiyo kuendelea kuificha si usalama.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kinachowazuia watu ni bei, si elimu. Ni kweli kwamba kujaza mtungi kunalemea kipato cha mkulima wa mpunga au mahindi. Ila mwali wa njano ni fedha inayogeuka masizi, na regyuleta iliyochoka humaliza mtungi kabla ya wakati wake. Anayenunua kwa shida ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kujua kama anachokinunua kinaungua vizuri. Wala siwatamani watu warudi kwenye moshi wa mafiga, ambao umeumiza macho na vifua vya mama zetu vizazi kwa vizazi.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo ni jema, na linahitaji mafundi. Chuo cha ufundi cha VETA Moshi kiwafunze vijana kupima presha na kurekebisha bena kulingana na mwinuko. Kila kata, kuanzia Kahe hadi mpaka wa msitu, iwe na fundi anayejulikana kwa kazi hiyo. Na muuzaji asikabidhi mtungi mpya kabla ya kuuwasha mbele ya mnunuzi na kumweleza rangi ya mwali inavyopaswa kuwa. Reli haikumkabidhi boila mtu asiyejua kuisoma saa yake. Mama wa Kahe anayewasha gesi leo anastahili uangalifu ule ule.