Salongo, likirimba na kujitolea: nani aliamuaka kazi ya mikono yetu?



Kila mara tunapoita vijana waje kufyeka njia ama kutengeneza kidaraja, maneno ni yale yale. Wazee wanasema: "Vijana wa leo hawana moyo wa kujitolea." Vijana wanajibu: "Perdiem iko ngapi?" Na mmoja hakosi kuongeza kwa sauti ndogo: "Hii si salongo imerudi?"

Hatutaki kumkemea huyo wa mwisho. Swali lake lina mizizi mirefu hapa kwetu Kabambare na Kasongo, na mtu asiyejua mizizi yake ataona tu uvivu wa vijana. Ndiyo maana mara hii tunaandika historia kidogo. Tunaloliona sisi ni hili: watu wa Maniema ya kusini hawakukataaka kazi ya pamoja hata siku moja. Walichochoka nacho ni kazi ambayo mwingine ameiamua, mwingine anaihesabu, na mwingine anakula matunda yake.

Kazi ya Bula Matari

Kiswahili chetu chenyewe kilikuja kwa njia ya mizigo. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara, kutoka Ujiji na ziwa la Tanganyika kuelekea Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Pembe za ndovu zilipita hapa juu ya vichwa vya watu. Kulikuwa wapagazi wa mshahara, na kulikuwa watu wengi waliofungwa minyororo. Vita vya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waungwana vilianza 1892. Nyangwe na Kasongo zikaanguka 1893, na Kabambare mwanzo wa 1894. Wakubwa walibadilika. Mzigo ulibaki kichwani.

Kisha reli ya Kindu mpaka Kongolo ikafunguliwa 1911, na baada yake pamba ikafika. Amri ya 1917 iliruhusu serikali ya kikoloni kulazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba namna hiyo. Mtu alipimiwa shamba, alilima, alivuna, alibeba mpaka sokoni, na kule alikuta mnunuzi mmoja tu, maana kila kampuni ilipewa eneo lake. Bei haikuwa ya kuzungumza. Mwaka 1933 sheria iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima: mashamba, njia, na mengine. Mwaka 1942, juu ya vita vya dunia, siku hizo zilipandishwa mpaka 120. Hesabu wewe mwenyewe: siku 120 ni theluthi ya mwaka. Na asiyefanya alijua kiboko na gereza.

Wakoloni nao walisema ni kazi ya "kuelimisha" mwenyeji. Tukumbuke hilo: tangu zamani kazi ya lazima ilivalishwa jina zuri.

Likirimba, shule yetu wenyewe

Wakati huo huo, kando ya macho ya leta, watu walikuwa na kazi yao ya pamoja. Leo shamba la huyu, kesho la yule, kesho kutwa la mjane asiye na mtoto mkubwa. Mwenye shamba anapika ugali na sombe, watu wanalima, wanaimba, jioni kila mtu anajua zamu inayofuata ni ya nani. Likirimba, wengine wanasema likelemba, inafanya vile vile kwa feza: kila mtu anatoa sehemu yake, mmoja anachukua jumla, zamu inazunguka.

Tuangalie vizuri jinsi inavyotembea, kwa sababu ndani yake kuna sheria tatu zisizoandikwa. Ya kwanza, walio ndani ndio walioamua kuingia. Ya pili, hesabu iko wazi mbele ya wote. Ya tatu, mtu anajua zamu yake itafika. Palipo hizo tatu, hakuna haja ya polisi.

AVEC tunazoziona leo katika vijiji vyetu zinafuata njia hiyo hiyo. Mtindo wake ulianzia kwa wamama wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991: sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na feza inahesabiwa mbele ya kikundi kizima. Wamama wa Kabambare hawakuhitaji kufundishwa kuaminiana. Walipata tu sanduku na daftari.

Salongo

Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliita raia wote kwenye salongo, kazi ya mikono bila malipo, mara nyingi siku ya Jumamosi. Ingeweza kuwa kitu kizuri. Nani asiyetaka kijiji safi na njia inayopitika? Lakini katika sehemu nyingi za Zaire salongo ilishika mwendo wa zamani. Vijana wa chama, JMPR, walisimamia na kuhesabu. Asiyefika alitozwa faini ama kufungiwa. Wakubwa hawakushika jembe. Na mara nyingine shamba lililolimwa lilikuwa la mkubwa, si la kijiji. Wazee walioona siku za pamba walitambua mara moja sura ya kitu kile. Lingekuwa na jina la Lingala ama la Kifaransa, jembe lilikuwa lile lile.

Basi kijana anapouliza kama salongo imerudi, anauliza swali la babu yake. Tena ni swali zuri.

Kasongo, 1971

Historia yetu ina upande mwingine pia, na wengi wetu hatuujui, ijapokuwa nje ya nchi unajulikana. Tangu 1971, Kasongo ilikuwa mahali pa mradi wa afya uliofanywa pamoja na Taasisi ya Dawa za Tropiki ya Antwerpen, Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya: hospitali moja, vituo vya afya vidogo vikiizunguka, na katika kila kituo watu wa pale kukaa pamoja na muganga na kusema neno lao juu ya kituo chao. Miaka saba kabla ya hapo Kasongo ilikuwa imepita katika moto wa uasi wa 1964. Katika mji uleule watu walikubali kukaa katika komite.

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza afya ya msingi kwa wote. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika kanda za afya 306, na Kasongo ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo mfano huo ulijaribiwa kwanza. Leo kanda hizo zimepita 500. Mtu anapokwenda kituo cha afya Goma ama Mbandaka, anaingia katika nyumba ambayo msingi wake mmoja ulichimbwa hapa kwetu. Tuna haki ya kulisema bila aibu.

Na hapo ndipo wanasimama wareko, wale wa "relé komunotere". Wanachaguliwa na watu wa mitaa yao, hawana mshahara, wanatembea nyumba kwa nyumba. Wakati wa kampeni ya chanjo ndio wanaojua nyumba gani ina mtoto wa miezi miwili na nyumba gani imerudi jana kutoka porini. Mwaka 2017 virusi vya polio vilipoonekana katika kanda ya Kunda, hapa Maniema, chupa ya chanjo peke yake isingetosha kitu. Ilihitaji mtu anayejua mlango wa kubisha.

Lakini tusiseme uongo mbele ya wafadhili wetu: reko naye anachoka. Kampeni ikija anapata kidogo, kampeni ikiisha anasahauliwa mpaka nyingine. Anayebaki miaka mingi ni yule ambaye komite yake inakutana kweli, anasikilizwa anaposema dawa zimeisha, na anaona daftari la mapato ya kituo. Hizo ni zile sheria tatu za likirimba, zimeingia hospitalini.

Neno "raia"

Sisi wenye kurudi tunajua jambo jingine chungu. Neno "kujitolea" lilibebwa pia na bunduki. Mwaka 1964, tena baada ya 1998, vijana waliambiwa wajitoe kulinda kijiji. Hata neno "raia" lilichukuliwa: Raia Mutomboki, maana yake raia wenye hasira, walianza Shabunda mwaka 2005, jirani zetu kabisa. Wengine waliingia kwa moyo wa kulinda wamama zao. Mwisho wake tuliuona katika vijiji vingi vya mashariki: vizuizi njiani, michango ya lazima, na watu kukimbia.

Kijana anayerudi kutoka porini leo amezoea kuitwa mlinzi. Ukimpa jembe tu na kumwambia "tumika, nyamaza," umempunguza. Anahitaji kiti barazani, naye ajibu maswali ya watu kama wengine wote.

Wale waliokwenda mbali, mpaka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma iliyofunguliwa 1996, walirudi na mazoea mawili. La kwanza ni zuri: kule wakimbizi walichagua viongozi wao, walilinda usiku kwa sungusungu, na Wakongomani walisomesha watoto wao programu ya Kongo ili siku ya kurudi wasianze upya. La pili ni gumu zaidi: kule kazi nyingi za jamii zilikuwa na posho kidogo kutoka kwa shirika. Kwa mtu asiyeruhusiwa kulima mbali wala kutafuta kazi nje ya kambi, posho hiyo ilikuwa chumvi na sabuni. Basi mtu akirudi na kuuliza perdiem, si tamaa. Ni kile maisha yalimfundisha.

Jembe na mdomo

Sheria ya nchi yetu, tangu Katiba ya 2006, inampa raia zaidi ya jembe. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wenzake, anaweza kuandikia mamlaka ombi, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu ya barua hiyo. Kodi mini ya mwaka 2018, sheria ya machimbo, inasema kati ya kila franga 100 za ushuru wa madini, 15 ni za sekta, sheferi ama komini ambamo madini yanachimbwa. Hii inatugusa sisi, watu wa teritware yenye dhahabu ya Namoya. Upande mwingine, uchaguzi wa washauri wa sekta, ulioahidiwa tangu Katiba hiyo, haujafanyika. Kwa hiyo baraza la kijiji na barua iliyosainiwa na watu ndiyo mdomo ulio karibu zaidi na sisi.

Kijana anayetengeneza kidaraja asubuhi na mchana akaandika barua kuuliza feza ya njia ilikwenda wapi, huyo ndiye raia kamili. Akifanya la kwanza peke yake, atakuwa mtu wa salongo. Akifanya la pili peke yake, wamama watavuka mto na mizigo bila kidaraja.

Tunaomba basi kila komite yetu, kabla ya kuita watu kwenye kazi, isimame barazani na kujibu maswali matatu: Nani aliamua kazi hii, na vijana na wamama walikuwapo? Vifaa na feza viko ngapi, na daftari linakaa kwa nani? Kazi ikiisha, itabaki ya nani, na zamu inayofuata ni ya kijiji gani? Swali moja likikosa jibu, kazi ingoje mpaka jibu lipatikane. Wakubwa wa komite nao washike jembe siku hiyo hiyo, mbele ya watu.

Kwa wafadhili tunaomba mambo mawili. Msitoe perdiem ya siku moja kisha mkaondoka. Ni heri mtoe majembe, misumari, mbao na chakula cha siku ya kazi, maana hivyo ndivyo mwenye shamba alivyofanya katika kazi ya zamu. Tena mkituletea pesa, zisomwe kwa sauti barazani, kila franga, vijana wakisikia.

Na wewe kijana, ukifika ukauliza kama hii ni salongo, usiulize kwa sauti ndogo. Uliza mbele ya wote. Tunataka kujibu.

Tuko pamoja.