Waliziondoa ngumi, gemu likanoga

Katika filamu ya Swingers ya mwaka 1996 kuna vijana wamejibwaga kwenye sofa jijini Los Angeles, pedi za Sega mkononi, wanacheza mpira wa magongo wa barafuni. Katikati ya kutaniana, yanatoka malalamiko: gemu hili zamani lilikuwa na ngumi, sasa wameziondoa. Hazipiti dakika nyingi, nyota Wayne Gretzky wa kwenye skrini anapigwa kikumbo na kulazwa chini, damu inamtoka kichwani.

Waliokuwa na gemu hilo nyumbani walicheka mara mbili. Toleo linaloonekana kwenye televisheni ile ni la mwaka 1992, na humo ngumi zimejaa tele. Lililokosa ngumi ni la mwaka uliofuata, lililoitwa NHL '94. Watengeneza filamu walichukua damu ya toleo moja na manung'uniko ya jingine, wakavipika chungu kimoja. Siwalaumu. Hilo ndilo lililowasumbua watengenezaji wa magemu haya kwa zaidi ya miaka 10: ngumi tuziweke wapi?

Kwa msomaji ambaye barafu anaijua ya kwenye glasi ya ukwaju, tuelezane kidogo. Kila timu ina watu 6 uwanjani, kipa akiwemo. Hawakimbii, wanateleza kwa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli. Hakuna mpira, kuna kisahani cha raba ngumu ambacho mpigaji mzuri hukipeleka kwa kasi inayopita kilomita 150 kwa saa. Uwanja umezungukwa na ukuta, na kumkumba mwenye kisahani mpaka abanwe ukutani ni halali kabisa. Ngumi zenyewe ni kosa, ila kosa la namna yake. Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, waliozichapa hupelekwa kukaa kwenye kizimba cha adhabu dakika 5, kisha hurudi mchezoni kama waliokwenda kunywa maji. Wachezaji wanajua, waamuzi wanajua, na mashabiki husimama vitini glavu zinapotupwa chini.

(Afrika Mashariki nayo ina watu wake wa barafu. Kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari jijini Nairobi ndiko ilikozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakavaa jezi moja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kwa sababu nyumbani walikuwa hawana timu ya kucheza nayo isipokuwa wao kwa wao.)

Sasa turudi kwenye skrini. Mwaka 1981 Alan Miller, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Activision, alitengeneza Ice Hockey kwa ajili ya mashine ya Atari 2600. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kuonyesha watu 12, kwa hiyo kila upande ulipewa wawili tu, mmoja golini na mmoja mbele. Lakini hata katika ufukara huo, Miller alihakikisha kwamba unaweza kumtandika mwenzako gongo akaanguka. Rabsha zilitangulia, mengine yote yakafuata.

Mwaka 1987 Konami ya Japani ikaleta Blades of Steel kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ikaingia majumbani kwa kaseti ya Nintendo. Wakigongana wawili mara kwa mara, mchezo unasimama, picha inawavuta karibu, na ninyi wawili mnabaki kurushiana makonde hadi mmoja achoke. Kisha anayepelekwa kwenye kizimba cha adhabu ni aliyepigwa! Mshindi anaendelea na mchezo, timu yake ikiwa na mtu mmoja zaidi. Ni haki ya mtaani hiyo: aliyeshindwa ndiye mwenye makosa. Konami hawakuona haya hata kidogo. Wakati wa mapumziko walithubutu kukupachikia kipande cha Gradius, gemu lao wenyewe la ndege za angani, tangazo katikati ya mechi uliyokwisha kuilipia.

Nintendo wenyewe walitoa Ice Hockey yao mwaka 1988, na wazo lao ndilo ninaloliheshimu zaidi kati ya magemu ya enzi hiyo. Wachezaji walikuwa wa maumbo matatu: mwembamba, wa kati na kibonge. Mwembamba ana mbio lakini ukimpulizia anaanguka. Kibonge anajikokota kama lori la mchanga mlimani, ila hakumbiki, na akipiga kisahani kipa anatamani asingeamka siku ile. Unachagua wanne, unavyotaka wewe. Watoto waligombana kwa saa nzima kama vibonge wanne ni mbinu au ni wendawazimu. Timu zilikuwa za nchi 6, zikiwemo Umoja wa Kisovieti na Chekoslovakia, na haikupita miaka mitano nchi hizo mbili zikafutika kwenye ramani huku kaseti bado inafanya kazi.

Mapinduzi yalitoka California. Kampuni ya Electronic Arts, au EA, ilikuwa imepata mafanikio na John Madden Football kwenye mashine ya Sega Genesis, ambayo nje ya Amerika Kaskazini iliitwa Mega Drive. Mwaka 1991 ikatoa NHL Hockey, ikifuata muundo wa ndugu yake huyo. Katika Madden uwanja ulisimama wima kwenye skrini, goli moja juu na jingine chini, ilhali Konami na Nintendo waliulaza kutoka kushoto kwenda kulia. NHL Hockey nayo ikausimamisha. Jambo linaonekana dogo. Lakini uwanja ukisimama hivyo, lango linakuwa mbele ya macho yako, na unaona upana wote wa eneo la kipa: nani amesimama kushoto, nani kulia, na pengo liko wapi. Mbegu ya yote yaliyofuata ilikuwa hapo.

Kilichokuwa kinachekesha ni biashara ya majina. Gemu la 1991 lilikuwa na leseni ya ligi lakini si ya chama cha wachezaji, kwa hiyo jezi ni za kweli na nembo ni za kweli, lakini waliozivaa ni namba tupu. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: EA ikapata chama cha wachezaji, ikaikosa ligi. Gemu likaitwa NHLPA Hockey '93, kila mtu ana jina lake halisi, lakini timu hazina majina, kuna miji tu. Ni kama kumwona mchezaji wa Yanga unayemjua kwa sura na kwa jina, halafu ubaoni wameandika “Dar es Salaam”.

Na pengine kwa sababu ligi haikuwa imeweka jina lake, toleo hilo lilijiachia. Ngumi zilibaki. Aliyeumia alilala kwenye barafu huku damu ikitambaa kutoka kichwani, doti chache nyekundu zilizotosha kabisa kwa wavulana wa miaka 12. Ligi haikuzipenda doti zile hata kidogo.

Ndipo ilipofika zamu ya NHL '94. EA ilitaka vyote viwili kwa mara ya kwanza: jezi na majina, ligi na wachezaji. Ligi ilikubali kwa masharti, na sharti kubwa lilikuwa ngumi zitoke. Zikatoka, na damu ikatoka nazo. Mtayarishaji, Michael Brook, alibaki na gemu lililokatwa kiungo ambacho watoto walikipenda kuliko vyote, na msimu mpya ulikuwa mlangoni.

Kazi ya kuandika programu ya toleo la Sega aliifanya Mark Lesser, mtu ambaye hadithi yake peke yake ingejaza ukurasa huu. Katikati ya miaka ya 1970 ndiye aliyeandika programu ya Auto Race ya kampuni ya Mattel, kijigemu cha mkononi ambamo magari ni vijistari vyekundu vya taa. Programu nzima ilibidi ienee kwenye baiti 512, takribani herufi za aya moja ya gazeti. Baadaye akaandika na gemu la futiboli ya Kimarekani la mkononi. Mtu aliyelelewa na ubahili wa namna hiyo hawezi kukupa kitufe kisicho na kazi.

Na pedi ya Sega ilikuwa na vitufe vitatu tu. Kimoja cha kutoa pasi, kimoja cha kupiga golini. Toleo la '94 liliongeza jambo moja: ukitoa pasi, halafu ukabonyeza cha kupiga kabla kisahani hakijafika, mpokeaji anakiunganisha moja kwa moja bila kukituliza. Mtu yeyote aliyeangalia mpira wa miguu analijua tukio hilo, krosi inatoka winga, mshambuliaji anaiunganisha wavuni huku kipa bado yuko nguzo ya kwanza. Kwenye barafu ni vivyo hivyo, ila haraka zaidi. Unakwenda upande wa kulia, kipa anakufuata, unasukuma pasi mbele ya lango kwenda kushoto, unabonyeza. Kwa sababu uwanja umesimama wima, tukio lote umeliona likija. Mpinzani wako naye ameliona likija, na hana la kufanya. Hapo ndipo pedi huruka ukutani.

Nimeshawahi kubishana na watu wanaodai kwamba NHL '94 inapendwa kwa sababu ya utoto tu, kwamba kila mtu hulipenda gemu alilolicheza akiwa na miaka 11. Sikubaliani nao. Walioandika programu walilazimika kuiacha burudani ya pembeni, ile ya kusimamisha mechi ili watu wazichape, na wakaihamishia ndani ya mchezo wenyewe. Ngumi za Blades of Steel zilikatiza mechi. Pasi ya kuunganisha iliifanya mechi isikatike kabisa. Vikumbo vilibaki, tena vikali, lakini sasa vilikuwa na kazi: kumpora mwenzako kisahani ili uanzishe pasi ile. Ligi ilidhani inalinda heshima yake. Bila kukusudia, ikawa mhariri mzuri.

Upendo mwingine ulikuwa kwenye vitu vidogo. Muziki wa kinanda uwanjani ulitoka kwa Dieter Ruehle, aliyekuwa mpiga kinanda wa San Jose Sharks, na kila timu ilipewa nyimbo zinazopigwa kwake hasa. Ukicheza na Hartford Whalers nyumbani kwao unausikia ule wimbo wao wa tarumbeta, Brass Bonanza. Hartford ilihama mwaka 1997 ikawa Carolina. Quebec ilikuwa imehama 1995, na Winnipeg ikafuata 1996. Kwenye kaseti, zote tatu bado ziko nyumbani.

Zilizofuata nitazipita haraka, maana zenyewe zilipita haraka. NHL '95 iliongeza msimu mzima na kubadilishana wachezaji, na toleo la '96 likazirudisha ngumi, na kwa kadiri nijuavyo hakuna anayeliota usiku. Mtindo wa mashine za sarafu ulifufuliwa na Wayne Gretzky's 3D Hockey mwaka 1996, ambamo kipa akiokoa vizuri hugeuka ukuta wa matofali, na hilo lilikuwa la kuchekesha kweli. Mwaka 2001 kampuni ya Midway ikatoa NHL Hitz, watatu kwa watatu, na ngumi za kufa mtu. EA nayo ilijaribu watatu kwa watatu mwaka 2009. Kisha mwaka 2020, pamoja na toleo lake jipya la NHL 21, ikatoa NHL '94 Rewind: gemu lile lile la zamani, likiwa na wachezaji wa siku hizi. Baada ya miaka 27 ya kuongeza nywele zinazopepea na jasho linalong'aa, kampuni ilirudi kabatini.

Mashabiki hawakuisubiri. Kwa miaka wamekuwa wakilifungua faili la kaseti ya Sega, wanafuta majina ya 1993 na kuingiza ya msimu mpya, wanacheza ligi zao kwa intaneti. Katika kuchokonoa huko waligundua kitu ambacho Nintendo wangekicheka. Hesabu ya uzito ilikuwa na kasoro: kwenye toleo la Sega mchezaji mwepesi ana nafasi nzuri ya kumwangusha mzito. Mambo ya vibonge wa 1988 yamepinduliwa kichwa chini miguu juu, na kwa miaka watu walicheza bila kujua kwa nini majitu yao yanaanguka ovyo.

Aliyefaidika zaidi ni Theoren Fleury wa Calgary, mtu wa sentimita 168, ambaye msimu wa 1992–93 alivuna pointi 100 kwenye barafu halisi, katikati ya wanaume waliomzidi kichwa kizima. Kwenye kaseti anawapiga vikumbo mabeki wa kilo 100 wanaanguka kama mihogo. Wapo mashabiki walioitengeneza kasoro hiyo, wakatoa toleo lililonyooshwa, mzito awe mzito. Wengine wamekataa katakata kulicheza, na ukiwauliza sababu wanamtaja Fleury.