SAFARI RALLY: WALIOSHINDA WANAJULIKANA, WALIOSUKUMA JE?

Kila mwaka magari yakishatua Naivasha, simu zinajaa klipu. Toyota inapasua vumbi kama moshi wa bomu, jamaa kasimama juu ya jiwe na nyama choma mkononi, muziki unagonga kutoka kwenye buti la Subaru. Halafu chini ya video mtu wa Dar anaandika kwamba Wakenya wanafaidi, Mkenya anajibu hii ni yetu, na ugomvi unaanza mpaka saa nane usiku.

Sasa kaa mkao wa kula, maana wote wawili wamekosea. Mbio hizi hazikuzaliwa za nchi moja. Na zilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichoshwa na kuzunguka.

Kitambo hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Kenya ilikuwa na uwanja wa mbio za magari ulioitwa Langa Langa, huko maeneo ya Gilgil. Mbio za kawaida za kuzunguka, gari linaondoka hapa na linarudi hapa hapa. Eric Cecil, mmoja wa viongozi wa chama cha wenye magari cha enzi hizo, alimshawishi binamu yake Neil Vincent aje akimbie pale. Binamu akagoma. Alivyoona yeye, hakuna kitu kinachoboa kama kuzungushwa kwenye kipande kile kile cha lami. Akasema, andaeni mbio ambazo mtu anafunga mlango wa gari, anakata nusu ya Afrika, anarudi, na wa kwanza kufika ndiye bingwa. Hapo atakuja.

Maneno ya kijiweni tu, lakini wazee wale wakayachukulia serious.

Tarehe 27 Mei 1953 magari yakaondoka. Mbio zilipewa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ambaye alivishwa taji London tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Volkswagen ile yenye umbo la kobe, ikiendeshwa na Alan Dix, ndiyo inayotajwa sana kama iliyofanya vizuri kuliko zote.

Ila simama kidogo uangalie kalenda. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilishatangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Aprili 1953, wiki chache tu kabla ya magari kuondoka, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo kule Kapenguria. Yaani watu wanakamatwa, vijiji vinapekuliwa, na barabarani walowezi wanakimbizana na magari kumshangilia Malkia. Mwafrika kwenye mbio zile alikuwa na nafasi gani? Alikuwa kando ya barabara. Na gari likizama, alikuwa nyuma ya gari, anasukuma.

Hapo ndipo penye stori ambayo haisimuliwi.

Safari ilikuja kuhamishiwa Pasaka. Mtu yeyote wa ukanda huu anajua Pasaka maana yake nini: masika. Barabara ya udongo mwekundu ikishalowa, gari la rali na toroli vinakuwa kitu kimoja. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Saba! Watu wakasema hiyo ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Kinachochekesha ni kwamba miaka yote miwili alishinda dereva yule yule, Nick Nowicki, na msoma ramani yule yule, Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wakati wenzao wamezama, wao wanapita taratibu.

Sasa angalia picha za zamani za mbio zile. Dereva yuko ndani kashika usukani, msoma ramani mara nyingine katoka nje, na nyuma kuna watu kumi, kumi na watano, miguu peku, matope mpaka magotini, wamekaza mabega kwenye buti. Chini ya picha kumeandikwa jina la dereva, jina la gari, namba ya gari. Wale kumi na tano hawana jina. Wengine wanatabasamu utafikiri ushindi ni wao. Na kiukweli bila wao gari lile lisingeonekana kwenye orodha ya waliomaliza.

Kwa nini kusukumwa kulikuwa na thamani kiasi hicho? Kwa sababu Safari ya zamani haikuhesabiwa kama rali za leo. Magari yaliachiwa moja moja kwa kupishana dakika chache. Njiani kulikuwa na vituo vya muda, na kila kituo kilikuwa na saa uliyotakiwa kuwa umefika. Ukichelewa, kila dakika ni pointi ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Kwa hiyo dakika ishirini ndani ya matope zingeweza kukutoa nafasi ya kwanza mpaka ya kumi, na vijana wa kijiji wakikunasua kwa dakika tano wamekuokoa.

Halafu barabara hazikufungwa. Hebu rudia kusoma hapo. Magari ya rali yalikuwa kwenye barabara moja na malori, mabasi, baiskeli, ng'ombe na mama anayetoka sokoni. Ndiyo maana timu kubwa zilikuja kuwa na helikopta inayotangulia mbele, kumwambia dereva kwa redio kwamba kuna punda kwenye kona. Ndiyo maana pia magari yalifungwa vyuma vizito mbele, na taa za kumulika pembeni. Twiga hana indiketa.

Turudi kwenye ule ugomvi wa Dar na Nairobi. Watanzania wengi wa leo hawajui kwamba mwaka 1972 mbio hizi zilianzia Dar es Salaam. Ndiyo, Dar hii hii. Na mwaka huo ndipo kwa mara ya kwanza alishinda mtu aliyetoka nje ya Afrika Mashariki, Mfini Hannu Mikkola na Ford Escort. Kabla ya hapo, karibu miaka ishirini, wazungu wa Ulaya walikuja na magari ya kiwandani na mafundi wao, wakarudi mikono mitupu. Walioshinda walikuwa wenyeji, watu waliojua kwamba mto mkavu saa nne asubuhi si lazima uwe mkavu saa sita. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Peugeot 404 yake. Na madereva wa enzi hizo ukiwauliza sehemu ya kuogopwa, Mbulu haikosi. Mteremko wa Mbulu mvua ikinyesha ulikuwa noma.

Katikati ya miaka ya 1970 mambo yakaisha. Siasa za Afrika Mashariki zilikuwa zimechacha, Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, jumuiya ilikuwa inapumua kwa shida mpaka ikavunjika 1977. Mbio zikabaki ndani ya Kenya peke yake, na neno "East African" likaondoka kwenye jina. Kwa hiyo Mkenya anayesema "hii ni yetu" hajadanganya, ila imekuwa yake kwa sababu wenzake walitoka.

Wapo wenye majina lakini, na majina yenyewe yana uzito. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, alishinda 1965 na Volvo iliyokwishatumika na wengine, akiwa na mdogo wake kwenye kiti cha pembeni. Akashinda tena 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba. Kijana anayeweka stika ya Mitsubishi kwenye kioo leo, kuna uwezekano hajui kwamba jina la Lancer huku lilijengwa na Kalasinga mwenye kilemba.

Na Shekhar Mehta. Huyu stori yake ni filamu kabisa, sijui Netflix wanasubiri nini. Mzaliwa wa Uganda, wa jamii ya Wahindi. Agosti 1972 Amin anatangaza Waasia waondoke ndani ya siku 90. Familia inapoteza kila kitu, inahamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baadaye, Mehta anaingia Safari na Datsun 240Z na analingana pointi na Msweden Harry Källström. Sare! Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Mwaka huo ndio ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali. Baadaye akashinda minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Mara tano jumla, na hakuna aliyemfikia.

Upande wa pili kuna Rauno Aaltonen, Mfini, gwiji wa Ulaya nzima. Alishika nafasi ya pili mara sita. Ya kwanza hakuwahi. Porsche nao na pesa zao zote hawakuwahi kushinda Safari yenyewe. Inauma, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwafrika mweusi alikuwa wapi muda wote huo? Wengi walikuwa gereji. Walifungua gia, walibadili shokapu usiku wa manane kwenye mwanga wa tochi, walilala chini ya gari. Kwenye usukani, Patrick Njiru ndiye aliyewafanya watoto wa mitaani waamini inawezekana. Mwaka 1993 alikuwa kwenye Subaru Vivio, kigari kidogo kama friji, na mwaka 1994 akamaliza wa 4 na Impreza, mwaka ambao Mkenya mwingine, Ian Duncan, alibeba ushindi na Toyota Celica. Mmoja wa watoto wa kiume wa Rais Moi naye alikuwa dereva wa mbio hizi. Watu walisema mengi vijiweni, lakini matope hayajui baba wa mtu.

Huu mchezo pia ulikuwa na mashabiki wasiokuwa na tiketi wala televisheni. Watoto walitengeneza magari kwa waya, matairi ya vizibo au ndala zilizokatwa, wakaandika namba za Safari ubavuni. Ulaya mtoto wa shabiki hununuliwa treni ya umeme inayozunguka mezani, na wapo watu wazima wanaojenga stesheni nzima na vilima vyake sebuleni, kazi ya mikono inayostahili heshima. Lakini ile treni inazunguka. Gari la waya linakwenda unapokimbia wewe.

Mashabiki wa Formula 1 wakisoma hapa watakasirika, na wana haki yao. Kwenye uwanja wa kuzunguka unaliona gari mara hamsini. Kwenye rali unaamka saa kumi usiku, unatembea porini, unasubiri masaa matatu, gari linapita kwa sekunde tatu, unabaki unakula vumbi. Mbio za Formula 1 ni kama kilomita 305 na zinaisha ndani ya saa mbili, unarudi zako nyumbani msafi. Ila mara ya mwisho zilifanyika Afrika mwaka 1993, Kyalami, Afrika Kusini. Rali ilikuja mpaka mlangoni kwa bibi.

Baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda na Ford Focus, Safari ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Pesa na maandalizi vilikuwa vimeyumba. Ikabaki mbio za Afrika, na kizazi kizima kikakua kikiisikia tu kwa baba zao. Ilirudi 2021, baada ya Corona kuchelewesha mwaka mmoja, na Sébastien Ogier akashinda na Toyota. Lakini iliyorudi ni nyingine: kilomita za mbio zenyewe ni zaidi ya 300, barabara zimefungwa, nyingi zimo ndani ya mashamba makubwa na hifadhi kuzunguka Naivasha. Wazee wanasema hiyo siyo Safari, ni pikiniki. Wanazidisha. Vumbi laini la Kedong linameza matairi mazima, na magari ya mamilioni yanavunjika pale kila mwaka. Kwa usalama wa watu pia, kufunga barabara ni sahihi, hilo halina mjadala. Na kuna kijana wa Kikenya, ambaye baba yake alimpa jina la McRae, alikwenda kukimbia kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022. Wale wa kando ya barabara wa 1953 wasingeamini.

Kitu kimoja tu wazee wako sahihi. Gari likizama leo, kijiji hakipo karibu. Kuna kamba, kuna afisa wa usalama mwenye kizibao, kuna trekta.

Kwa hiyo mdau, kama una babu au bibi wa Mbulu, Lushoto, Gilgil, Naivasha au popote magari yalipopita, muulize leo kabla hujalala. Kama aliwahi kuweka bega kwenye Peugeot ya mtu, andika jina lake hapo chini, na mwaka kama anaukumbuka.