Dini, serikali na cheti cha ndoa: nani amekuwa akiamua Kenya tangu 1902?

1/ Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba ilikuwa makosa kukataa kusajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Kesi ilikuwa ya usajili wa shirika, basi. Hakuna jaji aliyeulizwa kuhusu ndoa. Lakini nje ya korti, mjadala uliozuka ulikuwa wa harusi. Tuongee kuhusu harusi basi, lakini tuanze na historia.

2/ Kila mjadala huu ukirudi, pande mbili hutupiana sentensi zilezile. Upande mmoja: "Kenya ni nchi ya Mungu, ndoa ni ya Mungu, serikali isiguse." Wa pili: "Dini na serikali zitenganishwe, na kila mtu atafunga ndoa na anayempenda." Sentensi ya kwanza inasahau kwamba serikali imeshika ndoa zetu kwa zaidi ya miaka 120. Ya pili inadhani kutenganisha dini na serikali kunajibu swali la nani aoane na nani. Hakujibu. Twende polepole.

3/ Kwanza tugawe maswali. Nani anabariki ndoa? Hilo ni la kanisa, msikiti, hekalu ama wazee wa ukoo. Nani anaitambua, ili siku ya talaka, ya mirathi ama ya kesi isisemwe kwamba hamkuwa mke na mume? Hilo ni la serikali. Mchungaji anayefungisha harusi Kenya leo anafanya kazi zote mbili saa hiyohiyo. Anabariki kwa jina la Mungu, na anafungisha kwa leseni ya Msajili wa Ndoa. Cheti mnachotia sahihi pale madhabahuni ni cha serikali.

4/ Mpangilio huo ulitoka Uingereza. Mwaka 1753 bunge lao lilipitisha sheria kwamba ndoa haitakuwa halali isipofungwa katika kanisa la Anglikana, ambalo ndilo kanisa la dola. Waliosamehewa ni Wayahudi na Wakweka, wale tunaowajua hapa kama kanisa la Friends. Mkatoliki ama Mbaptisti akitaka ndoa inayotambulika, ilibidi aende mbele ya kasisi wa kanisa ambalo si lake. Hali ikakaa hivyo zaidi ya miaka 80.

5/ Mwaka 1836 sheria mpya ikaruhusu makanisa mengine kufungisha ndoa, na ikaleta msajili wa serikali asiye na dini yoyote kazini. Hapo ndipo ndoa ya kiserikali ilipozaliwa kwao. Angalia vizuri nani alinufaika: ni waumini, Wakristo waliochoka kulazimishwa kuapa kwenye kanisa la wengine. Kwa hivyo mtu akikwambia kutenganisha dini na serikali ni mradi wa wasioamini Mungu, historia haimuungi mkono.

6/ Sasa tuje kwetu. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya ndoa iliyofuata mfano wa Uingereza: mume mmoja, mke mmoja, mbele ya msajili ama kasisi. Mwaka 1904 ikaja sheria ya Waafrika Wakristo. Mwaka 1906, ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu. Wahindu walipata yao baadaye. Kila kundi likapewa sanduku lake kulingana na dini. Na ndoa za kimila, ambazo ndizo Waafrika wengi walikuwa nazo? Hizo ziliishi, lakini zilipofika mbele ya jaji, zilidharauliwa.

7/ Mfano unaofundishwa kwa wanafunzi wa sheria mpaka leo ni kesi ya Amkeyo, 1917. Mwanamume alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Ushahidi dhidi yake ulitoka kwa mwanamke aliyemuoa kimila. Wakati huo sheria ililinda siri za mume na mke, kwa hivyo akaomba ulinzi huo. Jaji Mkuu akakataa. Alisema muungano wa kimila hauwezi kuitwa ndoa kwa maana ya sheria, na akauona kama ununuzi wa mke. Mahari ya wazee wetu ikageuzwa kuwa bei ya dukani.

8/ Hebu kaa na hiyo kidogo. Wawili hawa walijuana kama mume na mke, na jamii yao ikawatambua hivyo. Jaji mmoja mgeni akasema si ndoa kwa sababu haifanani na ile ya kwao. Siyo kanisa lililotoa hukumu hiyo, ni serikali, ikiwa imebeba maadili ya kanisa mfukoni. Babu na nyanya zetu wengi walikuwa upande wa waliokataliwa.

9/ Tusiwe na upendeleo pia. Sheria ya Wakristo Waafrika ya 1931 ilimpa mjane kitu kikubwa: hakulazimika kurithiwa na ndugu wa marehemu mumewe. Kuna wanawake waliokimbilia kanisani kwa sababu hiyo, kwa sababu cheti kile kilikuwa ngao. Kwa hivyo mkono wa serikali kwenye ndoa umewahi kukandamiza na umewahi kuokoa. Ilitegemea ilikuwa imeamua kumwona nani kama mtu kamili.

10/ Baada ya uhuru, tume iliundwa 1967 kuangalia namna ya kuunganisha sheria hizi zote. Muswada uliotokana nayo ulikataliwa Bungeni miaka ya 1970. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba ulikuwa wa kizungu na ulimpa mke nguvu nyingi. Tukakaa na masanduku ya mkoloni hadi Sheria ya Ndoa ya 2014. Hiyo inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mwaka huohuo Bunge liliruhusu mume wa ndoa ya kimila kuoa mwingine bila kuhitaji idhini ya mke wa kwanza, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Viongozi wa makanisa walipinga pia. Hawakusikizwa.

11/ Kuna mfano mwingine ambao pande zote hupenda kuutumia vibaya. Miongoni mwa Wanandi, Wakamba, Wakisii, Wakuria na Wakikuyu, mila iliruhusu mwanamke kumuoa mwanamke, hasa yule asiye na mtoto wa kiume, ili apate warithi na jina la nyumba lisipotee. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali ndoa kama hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Si mapenzi ya jinsia moja, na anayesema "hata babu zetu walikuwa nayo" anaruka hapo. Lakini anayesema "mila zetu hazijawahi kujua ndoa ila ya mume na mke" anaruka pia. Ndoa kwa wazee wetu ilikuwa kuhusu ukoo, shamba na watoto, na umbo lake lilifuata haja hizo.

12/ Sasa 2010. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema kwa ufupi kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Katiba hiyohiyo inaanza kwa kumtambua Mwenyezi Mungu, na kifungu cha 170 kinaweka Mahakama za Kadhi. Mahakama hizo zilikuwa Mwambao kabla ya ukoloni, zikalindwa katika mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, kisha tena katika makubaliano ya 1963 ukanda wa maili kumi ulipoingia Kenya. Kwa hivyo Kenya haijajenga ukuta kati ya dini na serikali. Imejenga ua lenye mageti.

13/ Hapa ndipo kuna kinaya. Nani walipiga kelele zaidi wakidai dini na serikali zitenganishwe wakati ule? Ni viongozi wa makanisa, wakipinga Mahakama za Kadhi. Kesi yao ilisikizwa na Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Lakini Agosti 4 wananchi walipitisha Katiba kwa takriban asilimia 67, mahakama hizo zikiwa ndani. Leo baadhi ya sauti hizohizo zinasema utengano huo si utamaduni wetu. Kanuni ni kama mizani: huwezi kuileta sokoni siku ya kununua tu, siku ya kuuza ukaificha.

14/ Ndoa yenyewe iko kwenye kifungu cha 45. Kinasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Kuna wanaosema maneno hayo yanatoa haki kwa hawa bila kuwakataza wale. Lakini Sheria ya 2014 inafafanua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilisoma kifungu cha 45 kwa njia hiyo ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Kumbuka vifungu hivyo havihusu harusi. Vinahusu jela, hadi miaka 14. Vilitokana na sheria ya India ya Waingereza, iliyoletwa hapa 1897, kisha vikaandikwa upya 1930. Uingereza wenyewe walianza kuachana na yao 1967.

15/ Je, nchi ikitenganisha dini na serikali, ndoa za jinsia moja zinafuata? Angalia. Ufaransa ilitenganisha 1905, lakini iliruhusu ndoa hizo 2013 tu, miaka 108 baadaye. England bado ina kanisa la dola, na bunge lake likaziruhusu 2013 hiyohiyo, huku sheria ikizuia kanisa hilo la dola kuzifungisha. Afrika Kusini ziliruhusiwa 2006 baada ya korti kuamua Desemba 2005, kwa sababu katiba yao inataja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa mwelekeo wa mapenzi yake. Kule England na Afrika Kusini, hakuna mchungaji anayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini.

16/ Kwa hivyo ni kitu gani huamua? Ni usawa: serikali inapotoa cheti, ina sababu gani ya kumnyima huyu na kumpa yule? Utengano unafanya kazi moja tu, lakini ni kubwa. Unasema sababu hiyo lazima iwe ile ambayo hata asiye wa dini yako anaweza kuipima. "Kitabu changu kimekataza" inatosha kanisani ama msikitini. Bungeni haitoshi peke yake, kwa sababu kesho atakuja mwingine na kitabu chake na wingi wake, na wewe ndiye utakuwa yule Mbaptisti wa 1753.

17/ Na je, kuna hatari kwamba tutaamka asubuhi tukute korti imeruhusu? Kifungu cha 45 kiko ndani ya Sheria ya Haki. Kulingana na kifungu cha 255, kukibadilisha kunahitaji kura ya maamuzi, angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wao waseme ndiyo. Hilo si jambo la kufanywa usiku. Anayekutisha nalo kila msimu wa kampeni anajua hivyo, ama anapaswa kujua.

18/ Maoni yangu, na mnaweza kuyakataa: hofu ya ndoa imetumika kufunga mlango wa mambo madogo kabisa. Watu waliomba kusajili shirika, wakajibiwa kuhusu harusi. Waliomba wasifungwe jela, korti ikataja harusi. Unaweza kuamini kwa moyo wako wote kwamba ndoa ni ya mume na mke, na bado ukaona kwamba mtu kutofungwa jela, kutofukuzwa nyumba na kuweza kupiga ripoti polisi bila woga ni maswali tofauti. Ukiyachanganya, kuna mtu halisi anayelipia huo mchanganyiko.

19/ Kwa hivyo ukiwa kwenye huo mjadala tena, kwa matatu ama kwa meza ya chakula, uliza matatu. Tunaongea kuhusu baraka ama kuhusu cheti? Hii sababu yako ingekutosha kama dini yenye wengi ingekuwa ya jirani yako? Na hicho unachokiita mila yetu, ni cha wazee ama ni cha 1902?

20/ Yule mwanamume wa 1917 hakuwa akidai jambo geni. Alidai serikali imwone mkewe kama mke. Ilichukua Kenya karibu karne nzima kuandika kwenye sheria moja kwamba ndoa ya kimila ni ndoa sawa na nyingine. Haya, maswali na mabishano yaje hapa chini. Matusi wekeni kando, tusomeshane.